Miche ya parachichi imefika hoi: upi uupambanie, upi uachane nao

Mvua za Novemba zikishaanza huku Nyanda za Juu Kusini, kanta na Fuso za miche zinapishana tu barabara ya Makambako kwenda Njombe, na kila msimu kilio ni kile kile: miche imeshushwa, robo yake imenyauka, mingine kingo za majani zimekauka, mingine imemwaga majani yote kimebaki kijiti, mwenye shamba amesimama anakuna kichwa na dereva anataka hela yake ya mwisho aondoke. Muuzaji ukimpigia simu jibu analo tayari, "boss hiyo ikipigwa na mvua mbili tatu inarudi." Na kweli mingine inarudi. Shida ni kujua ipi.

Watu wengi wanahukumu kwa majani, ndo maana wanatupa mche ambao ungepona na wanapanda ambao utawapotezea miaka mitatu bure. Majani ya parachichi hayana msimamo, yanaanguka kwa upepo wa barabarani, kwa kiu ya siku moja, kwa kubanwa kwenye turubai, na yanaota tena. Wewe angalia sehemu mbili, mizizi na pale mche ulipobebeshwa, yaani pale kikonyo, kile kitawi cha aina unayoitaka, kilipoungwa juu ya shina la chini. Zikiwa nzima hizo, mche hata uwe uchi una nafasi, zikiwa mbovu hizo hata uwe na majani ya kung'aa huo sio mche wa kwenda shamba.

Halafu kabla hujaanza kuonea mche huruma piga hesabu ya shimo. Hass, ile aina ya parachichi tunayopanda wengi, ukiipanda mita 7 kwa 7, ekari moja inakaa miti kama 82 hivi, kila mmoja umekalia mita za mraba 49 na unategemea ukae hapo miaka na miaka. Mche wa kubebesha ukienda vizuri matunda ya kwanza unaanza kuyaona kama mwaka wa tatu. Sasa mche dhaifu haufi haraka ungejua mapema, unakaa tu, unatoa vijani viwili, unanyauka kiangazi, unarudi masika, na we unaumwagilia na kuuwekea samadi miaka yote hiyo, siku unayokubali kwamba umeshindikana wenzake wameshavunwa. Kwahiyo unapoamua, bei ya mche isikuumize kichwa sana, elfu tano sio kitu, unachoamua ni nani akae kwenye lile shimo.

Siku ya kwanza usipande na usitupe. Ishushe kivulini, chini ya mti au chini ya neti ya kivuli, isimamishe wima, usiilaze. Usiiweke chini moja kwa moja kwenye udongo au kwenye dimbwi, weka juu ya mbao, matofali, kokoto, chochote ambacho maji yanapita chini, sababu yake nitaieleza mbele. Ingiza kidole kwenye kila kiriba, yaani ule mfuko wa nailoni wenye udongo wa mche, udongo ukiwa mkavu mwagilia mara moja taratibu mpaka maji yatoke chini ya kiriba, ukiwa na unyevu acha kabisa. Na mbolea usiguse. Najua mkono unawasha, kuna watu wakiona mche umenyong'onyea wanakimbilia Urea ama busta ya majani, hapo ndo unaumalizia, mizizi iliyoumia haiwezi kula na chumvi ya mbolea inaiunguza zaidi.

Jioni au kesho yake asubuhi kabla jua halijapanda pita tena mmoja mmoja. Huu ndo wakati wa kusoma. Mche uliokuwa na kiu tu utakuwa umesimama, majani yamenyanyuka. Ule ambao udongo wake una maji ya kutosha lakini bado majani yamelala, huo uweke pembeni, nao una kesi nyingine kabisa. Kunyauka kwenye udongo mkavu ni kiu. Kunyauka kwenye udongo uliolowa maana yake mizizi haifanyi kazi, na hapo ukiongeza maji unaongeza tatizo.

Sasa fungua kiriba. Sio vyote, chukua ile unayoishuku na michache ya ile inayoonekana mizima pia, kutoka sehemu tofauti za mzigo. Udongo uwe na unyevu kidogo usije ukabomoka, shika shina chini karibu na udongo kwa vidole viwili, geuza, chana kiriba kwa wembe upande mmoja kuanzia juu mpaka chini, kifungue kama unavyofungua muwa uliofungwa gazeti. Unachotaka kuona ni vimizizi vyembamba vimetambaa pembeni mwa udongo, rangi ya maziwa au kahawia hafifu, ncha zake nyeupe, ukikibonyeza kimoja kinakuwa kigumu kidogo, kinakatika kwa kulia. Udongo unanuka udongo. Mzizi uliooza ni mweusi, ukiuvuta taratibu ganda la nje linachomoka linabaki mkononi mwako na ndani kimebaki kiuzi tu, na mara nyingi vile vimizizi vyembamba hauvioni kabisa, imebaki ile minene peke yake. Harufu nayo ni ya tope la mtaro. Ukishaona hivyo huo mche umekwisha, hata kama juu una majani sita ya kijani. Parachichi karibu halina vile vinyweleo vya kunyonyea maji ambavyo mimea mingine inavyo, linategemea hivyo hivyo vimizizi vyembamba vya juu juu, vikishaoza linakufa kiu katikati ya maji.

Ugonjwa wenyewe unaoozesha mizizi unaitwa Phytophthora na ndo adui namba moja wa parachichi duniani kote. Watu huuita fangasi lakini mbegu zake zinaogelea kwenye maji, ndo maana nikasema viriba visikae kwenye dimbwi, maji yakitiririka kutoka kiriba kimoja kwenda kingine mgonjwa mmoja anaambukiza safu nzima. Hass zote hizi tunazopanda, za Njombe, za Rungwe, za Siha, za Murang'a kule Kenya, asili yake ni mti mmoja wa bwana Rudolph Hass kule La Habra Heights, California, aliousajilia hataza mwaka 1935, vikonyo vimekatwa vikabebeshwa vikakatwa tena mpaka vikafika huku kwetu. Ule mti mama ulikufa mwaka 2002 na kilichoushinda ni kuoza mizizi. Wenzetu waliuhangaikia miaka mingi na wataalamu wao wote pale, ukashindikana. Sasa we unataka kuutibu mche wa kiriba kwa majivu.

Dawa zipo, za kundi la fosfonati na zile zenye metalaksili, zinasaidia kukinga na kumpa nguvu mti mkubwa ambao haujaharibika sana, ila hazifukuzi ugonjwa ukatoka kwenye udongo. Mche mdogo ulioshaoza mizizi ukiupanda umehamisha ugonjwa kutoka kitaluni kwa mtu ukaupeleka shambani kwako, na ukishaingia kwenye udongo haung'oki. Hapo mi sina mjadala, natupa. Na kutupa kwenyewe ni pamoja na udongo wake na kiriba chake, usimwage ule udongo kwenye shimo eti una rutuba, usiutupe mtoni wala juu ya mteremko unaoshukia shamba. Choma mche, udongo ufukie mbali na sehemu ya kupanda, osha jembe na buti.

Ukikuta mche mmoja umeoza kati ya mia, toa huo na majirani zake uliogusana nao, ingine iangalie wiki mbili zaidi. Ukikuta kwenye kila viriba vitano unavyofungua viwili vimeoza, usipoteze muda kuchagua, huo mzigo wote rudisha. Ndo maana nashauri ufungue viriba gari likiwa bado lipo, kabla hujamalizia malipo, piga na picha.

Ukiwa bado umeshika huo mzizi angalia na mzizi mkuu. Kitalu kikichelewa kuuza, mzizi mkuu unagonga kitako cha kiriba unaanza kuzunguka. Kama ni ncha tu imejikunja, kata hiyo ncha kwa mkasi safi, mche hautajali. Lakini kama mzizi mnene wa saizi ya penseli umejizungusha raundi nzima au umepinda juu kidogo tu chini ya shina, huo hata ukikata unabaki umepinda, mti utakua utaonekana mzuri mpaka mwaka upepo utakapoulaza na matunda juu. Tupa. Hili linauma kwasababu mche wenye mzizi uliojikunja mara nyingi ndo mrefu na mnene kuliko wenzake, umekaa kitaluni muda mrefu, na mnunuzi mgeni anakimbilia huo huo.

Tuje kwenye maungio. Hapa kuna mtego mkubwa kuliko yote. Mche wa Hass ni vitu viwili, chini shina mama lililotoka kwenye kokwa, mara nyingi ya kienyeji, juu kikonyo cha Hass. Mche ukipata shida, cha kwanza kufa ni kikonyo, na shina mama likishaona juu kumekufa linachipua lenyewe kwa nguvu zote. Unakuta mche umejaa majani mapana ya kijani mazuri kabisa, mama nyumbani anakwambia "baba nanii, si huu ndo mzuri kuliko yote?" kumbe Hass ilishakufa zamani, pale kuna kijiti cheusi kimejificha katikati ya majani, na unachoenda kupanda ni parachichi la kokwa ambalo hujui litazaa lini wala litazaa nini. Kwahiyo kila mche fuata shina kwa kidole kuanzia kwenye udongo kupanda juu, tafuta kovu la kubebesha, halafu hakikisha majani unayoyaona yametoka juu ya kovu. Chipukizi la chini ya kovu livunje kwa kidole kama kikonyo bado kizima, kama kikonyo kimekufa huo mche kwa mkulima hauna maana. Mwenye kitalu anaweza kuubebesha upya ukiwa na unene wa penseli na mizizi safi, mrudishie yeye.

Kikonyo ukikishuku usikisie, kwaruza. Chukua ukucha, anzia nchani, kwaruza gome kidogo tu saizi ya punje ya mchele. Kijani na kuna majimaji, kizima. Kahawia kavu, shuka sentimita mbili tatu ukwaruze tena, endelea kushuka mpaka ukutane na kijani. Kijani kikianzia juu ya kovu na chini yake kuna macho mawili matatu ya kuchipua, huo unaokoleka, kata sehemu iliyokufa kwa wembe safi juu kidogo ya jicho la kwanza lililo zima. Kijani kikianzia chini ya kovu, kesi imefungwa.

Halafu jaribu maungio yenyewe, shika chini ya kovu kwa mkono mmoja na juu kwa mwingine, pinda kidogo sana, kistaarabu. Pakiwa pameshikana panapinda pamoja kama shina moja. Pakicheza, pakifunguka ufa, au pakitoa majimaji meusi, tupa, hata ukifunga upya pale hapashiki tena. Kingine angalia nailoni ya kufungia, vitalu vingi vinaisahau, shina linanenepa nailoni inabana, unaona juu pamevimba chini pembamba. Hiyo ikiwahiwa inapona, chana nailoni kwa wembe kwa wima upande usio na jicho na uiache idondoke, ila kama imeshazama ndani ya gome na shina limenyongwa mzunguko mzima, wacha.

Kuna miche mingine nakutana nayo ina michirizi ya njano au nyeupe kwenye shina changa, imeshuka chini kama mstari uliochorwa, michirizi hiyo hiyo baadae inakuja kutokea kwenye tunda na tunda halipati soko. Kuna kimelea kidogo kuliko virusi, kinaitwa viroidi, ndo kinachosababisha hiyo kitu, na kinasafiri kwa vikonyo, kwa kokwa na kwa visu vya kubebeshea. Hakina dawa. Hapo usisubiri wiki mbili, toa huo mche, na kisu au mkasi ulioushikia uloweke kwenye maji ya jiki kabla hujagusa mwingine.

Yaliyobaki mengi yanaonekana ya kutisha na hayatishi. Majani yaliyoungua ncha na kingo, mara nyingi ni chumvi, samadi mbichi au mbolea iliyozidishwa kitaluni ili miche inenepe kabla ya kuuzwa, mwagilia maji safi mengi mara moja yapite yatoke chini yaoshe, kisha acha udongo upumue. Majani yale yaliyoungua hayarudi kijani, usiyasubiri, subiri mapya. Majani yaliyobabuka katikati madoa ya kahawia baada ya kutolewa kivulini ghafla ni jua, rudisha kivulini na utoe taratibu wiki hadi wiki. Shina lililopoteza majani yote lipake rangi nyeupe ya maji uliyoichanganya nusu kwa nusu na maji, gome changa la parachichi likikosa majani ya kulikinga linaungua na jua, na likiungua hilo ndo kidonda cha kweli.

Baridi nayo ina tabia zake, na huku Njombe na Makete tunaijua, ukipanda ukafika Juni Julai asubuhi moja unaamka nyasi nyeupe na miche juu imekuwa myeusi imelainika. Watu wanachukua panga siku hiyo hiyo. Usikate! Sehemu iliyoungua na baridi haijionyeshi mwisho wake mapema, na ile mifu ya juu inakinga ya chini kwa baridi nyingine itakayokuja. Subiri mpaka joto lirudi na machipukizi yaanze kutoka, ndo ukate mpaka pale uhai ulipo. Ukikuta machipukizi yanatokea chini ya kovu tu, unajua la kufanya.

Mchwa, hilo halihitaji maneno mengi. Gome likiwa limeliwa kuzunguka shina lote pale chini, mche umekufa hata kama bado haujajua. Likiliwa upande mmoja chini ya nusu, safisha, ondoa matandazo yanayogusa shina, acha upambane.

Kwahiyo baada ya kuchuja unabaki na kundi la katikati, mizizi safi, maungio mazima, juu kumechoka. Hilo ndo la kuhudumia. Liweke peke yake mbali na miche mizima. Mwagilia pale tu kidole kikiingia mpaka pingili ya kwanza na kukuta pakavu, sio kila siku kwasababu eti ni mgonjwa. Kama mizizi imepungua lakini majani bado mengi, punguza majani nusu ili mizizi michache isizidiwe. Matandazo kidogo yasiyogusa shina. Basi, mengine ni subira, angalia macho ya kuchipua, yakianza kuvimba na kuwa na rangi hai ndani ya wiki mbili tatu umeshinda. Kwaruza tena kila wiki, kile kijani kikizidi kushuka chini wiki hadi wiki mche unakufa polepole na huna sababu ya kuusindikiza. Mi nikifika wiki ya nne jicho halijavimba nauachia, hata kama bado kuna kijani, maana hapo tayari mwezi mzima wa mvua umekwenda.

Na ukichipua usikimbilie kuupanda. Yale majani mapya laini subiri yakomae yawe magumu kwanza, duru nzima moja, ndo uanze kuuzoesha jua na ndo uweke mbolea kidogo, kidogo kweli. Ukiupanda kovu libaki juu ya udongo, na unyanyue tuta pale shimoni maji yasisimame.

Tatizo la huku ni kwamba mvua zinaisha Aprili, mche ulioponea Februari ukiuingiza shambani Machi unaenda kukutana na kiangazi haujashika. Huo ni bora ulale kivulini mpaka Novemba nyingine, uhamishie kiriba kikubwa mizizi isije ikajikunja. Lile shimo usiliache wazi, rudishia udongo wa juu na mboji ishuke ioze vizuri, panda maharage juu yake. Na oda inayofuata kama unahitaji miche 80 agiza 88, kwenye kitalu kilichosajiliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania, kwa Kenya uliza karatasi ya KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea kule, ile minane ikae kivulini nyumbani kwa ajili ya kurudishia, na mwambie kabisa mwenye kitalu kabla ya kutuma hela kwamba ikifika utafungua viriba mbele ya dereva.